Mlima wa Shemeji

Shemeji yangu alirudi kutoka Kilimanjaro amevaa taji la maua, na tangu siku hiyo mimi na usingizi hatukuelewana.

Yalikuwa maua madogo, meupe, makavu, yamefungwa kwa uzi kuzunguka kofia yake kuukuu. Ukiyagusa yalikwaruza kama karatasi. Alishuka nayo kwenye lori la mgodi pale Geita baada ya safari ndefu ya vumbi, na hakuna hata moja lililonyauka. Wiki zikapita, hayakunyauka. Watu walikuja kuyashika, wakayanusa, wakamuuliza yanaota wapi, naye akawa anaelekeza kidole juu, taratibu, kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba lake. Alisema yanaota mlimani, juu kuliko miti yote, na kwamba anayevishwa ni yule tu aliyefika kileleni.

Nilimchukia palepale. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu nimezeeka, na kwa sababu yeye mwenyewe alijua.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sisi tulitoka upande wa Shinyanga, nchi tambarare ambako ukisimama juu ya kichuguu unaona ng'ombe wa jirani na wa jirani yake. Malisho yalipopungua tukahamia Geita, na mimi nikapata kazi mgodini kwa Mzungu mmoja mpima mawe. Kazi yangu ilikuwa kubeba sanduku lake, kumpa nyundo, na kukumbuka jiwe gani limetoka kilima gani. Shemeji, Mzinza wa Nkome, kando ya ziwa, aliyemwoa mdogo wangu wa kike, alikuwa mpishi wa Mzungu mwingine wa mgodi huohuo. Hizo ndizo kazi zetu za mchana. Lakini huko hakukuwa na sababu ya kuoneana wivu, maana yeye alikuwa anapepea moto na mimi nabeba mawe.

Wivu ulikuwa uwanjani. Mimi nilikuwa manju wa ngoma, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na yeye alikuwa manju wa kundi la upande wa pili.

Kwa asiyejua: kwetu Usukumani mavuno yakishaingia ghalani, makundi mawili ya ngoma huitana. Yanacheza siku moja, uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, hili huku na lile kule, kila moja na ngoma zake na manju wake. Mwamuzi hayupo. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu. Wanasimama kwako, wakichoka wanahamia kwake, wakisikia kitu kipya wanarudi mbio. Jua likizama, aliyezungukwa na watu wengi ndiye aliyeshinda, na yule mwingine anakusanya ngoma zake akiangalia chini. Kwa hiyo manju hulala akiwaza watu, huamka akiwaza watu, na huwa na dawa yake ya kuwavuta, anayoipaka kwenye ngozi ya ngoma wakati hakuna anayemtazama.

Mimi nilikuwa nimeshinda miaka yote. Sijisifu, uliza watu wa Katoro. Shemeji alikuwa na sauti nzuri ya kuimbia watoto, basi. Mimi ndiye niliyekuwa nampa moyo. Nilikuwa namwambia, "Shemeji, wewe endelea tu, hata kuku huruka kidogo." Mdogo wangu, ambaye ni mke wake, alikuwa bado anaitikia katika kundi langu, na sauti yake ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyumba.

Kisha bwana wake akaenda likizo kupanda Kilimanjaro, akamchukua akampikie njiani. Kisha akarudi na taji.

Mwaka huo tulipoitana, alitoka katikati ya kundi lake na yale maua kichwani, akanyamazisha ngoma zote isipokuwa moja ndogo, akaanza kuimba. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kisukuma, lakini maana yake ilikuwa hii: nimepanda mpaka mahali ambapo maji husimama yakawa jiwe, nimepita miti yenye ndevu, nimepita mimea inayojifunika ikilala, nimefika juu ya vyote, nikageuka, nikaona nchi yote, nikaona ziwa, nikaona Nkome, nikaona paa la mama yangu na moshi unatoka, nikajua anapika.

Pale uwanjani palikuwa na watu wa kila kabila waliofuata dhahabu. Wanyamwezi, Waha, Wajaluo, Wahaya, Waswahili wenye maduka, watu walioacha mama zao nchi ambazo mimi sizijui hata majina. Alipofika kwenye moshi wa mama yake, niliwaona wakigeuka. Hawakukimbia. Walitembea kwenda kwake huku wamenyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kukimbia. Niliongeza ngoma, nikaruka, nikamwaga matusi yote ya utani niliyoyahifadhi tangu msimu wa kulima. Hakuna aliyecheka. Halafu mdogo wangu akaweka chini njuga zake, akasema, "Kaka, nisamehe, naenda kusikia vizuri," akaenda. Hakurudi kundini kwangu tena.

Nilikaa mwaka mzima na mlima tumboni. Nikienda dukani, naulizwa, "Shemeji yako ndiye yule wa mlima?" Nikienda kunywa togwa, wanaimba wimbo wake. Mama mzazi, mama yangu mimi, aliniuliza mbele ya watu kwa nini nami sijaenda. Nikaanza kuwaza kile kilele kuliko nilivyokuwa nawaza mke. Nilikionea wivu hata chenyewe, kwamba kimekaa huko baridini, hakijui kuimba, na kimemfanya mtu kuwa mkubwa kwa kumwachia akanyage mgongo wake tu.

Basi siku yule mpima mawe aliposema naye anataka kwenda Kilimanjaro kuangalia mawe ya shimo lililoko juu, na kwamba atahitaji mtu aliyezoea sanduku, sikumwacha amalize. Nilisema ndiyo kabla hajaniuliza.

Tulikwenda kwa Landrova kupitia Shinyanga, Singida na Babati. Tulipokaribia Moshi nilikuwa natafuta mlima tangu asubuhi na siuoni. Kulikuwa na mawingu tu. Nikasema moyoni, shemeji ni mwongo, hapa hapana kitu. Tukasimama kuweka maji kwenye gari, mzee mmoja Mchaga akaniona ninavyokodoa macho, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Akanishika kidevu kama mtoto, akakiinua. Nilikuwa natazama chini mno. Juu ya mawingu, mahali ambapo kwetu huangalii ila kama unatafuta mvua, kulikuwa na kitu cheupe, kipana, kimetulia. Nilikaa chini kwenye vumbi. Fikira yangu ya kwanza, na iandikwe hivyo, ilikuwa kwamba shemeji alikiona kabla yangu.

Tulianza kupanda pamoja na wapagazi wa Kichaga na kiongozi wao, mtu mzima mwenye maneno machache. Msitu wa chini ulikuwa na unyevu hata nguo zikawa nzito bila mvua. Miti mikubwa ilivaa nyuzi za kijani kibichi zinazoning'inia, ndevu kweli, ukipita zinakupapasa shingo. Mbega walikuwa wanaruka juu yetu na mikia yao myeupe, na kila upande unasikia maji yanakwenda, maji mengi yasiyo ya mtu. Mimi natoka nchi ambayo wanawake huchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta ndoo moja. Nilikunywa kila kijito mpaka wapagazi wakanicheka.

Tukatoka msituni tukaingia mahali pa vichaka vifupi na majani ya rangi ya ngozi ya simba. Hewa ikawa nyepesi, safi, ina harufu ya majani makavu na mawe. Ukiangalia nyuma, mawingu yako chini yako, meupe, yamelala. Pale ndipo nilipoyaona maua yale, yameota mengi tu kwenye vishungi, kila kona, kama magugu. Nikaona na ile mimea minene, mirefu kuliko mtu, imevaa majani yake makavu kiunoni kama koti, na mingine iliyosimama wima, ambayo baridi ikija hukunja majani yake na kufunika moyo wake mpaka asubuhi. Kunguru wenye shingo nyeupe walitembea kati yetu bila hofu, wakidai chakula. Panya wadogo wenye mistari walikuja hadi kwenye viatu.

Palikuwa pazuri kuliko niwezavyo kusema, na niliumia. Kila nilichokiona kilikuwa tayari kwenye wimbo wake. Ndevu za miti, ndiyo. Mimea inayojifunika, ndiyo. Asubuhi maji ya kunawa yaligeuka bamba kwenye karai, nikaligonga kwa kidole, likalia, na badala ya kushangaa nikasonya. Nilikuwa nakula makombo ya shemeji.

Juu zaidi nchi ikawa jangwa. Upande mmoja Mawenzi, mweusi, umekatikakatika. Upande mwingine Kibo na weupe wake. Katikati uwanda mpana wa kokoto na upepo, hakuna hata jani. Ule uwanda niliupenda, maana ulikuwa tambarare kama kwetu, ukanipa nguvu ya miguu. Mwisho wake, chini ya Kibo kabisa, kulikuwa na kibanda cha mabati. Tukatua mizigo. Kiongozi akamwambia mpishi wetu awashe moto, kisha akatugeukia, akasema, "Bwana na mimi na mbeba sanduku tutaondoka kabla ya alfajiri. Wengine mnabaki hapa."

Nikauliza, "Na mpishi?"

"Mpishi siku zote anabaki. Nani atawapikia uji wakirudi?"

Nilimsogelea. Nikamwuliza kama anamkumbuka mpishi wa mwaka uliopita, mfupi, anaimba. Akacheka. "Yule Mzinza? Nani atamsahau. Alimwomba bwana wake amruhusu apande, akamwomba tena, bwana akakataa. Alikaa hapa mlangoni akiangalia juu mpaka tuliporudi. Tulipofika chini bwana alivua taji lake akalitupa kwenye nyasi, yeye akaliokota. Alipika vizuri, lakini."

Niliingia kibandani nikajifunika blanketi mpaka kichwani ili wasione meno yangu. Nilikuwa nacheka. Shemeji hajafika. Shemeji ameishia kwenye sufuria. Kuanzia hapa kwenda juu, kila jiwe ni langu.

Ile sehemu ya mwisho sitaipamba. Ni mlima wa changarawe inayoteleza, unapanda hatua, unarudi nusu. Baridi inaingia masikioni ikakaa. Pumzi haitoshi hata kusema ndiyo. Kiongozi alitembea mbele polepole mno, nami nilihitaji kitu cha kushikia miguu, maana manju hawezi kutembea bila mapigo. Nikaimba moyoni wimbo fulani. Niliuimba mwanzo mpaka mwisho, nikaurudia, nikaurudia, na ndio ulionifikisha. Wimbo gani, nitasema mbele.

Jua lilichomoza tukiwa kwenye ukingo. Mbele yetu ardhi ilizama ikawa shimo pana lenye mchanga mweusi na theluji, na ndani yake shimo jingine, na upepo ukileta harufu ya kiberiti kilichowashwa. Pembeni zilisimama kuta za barafu, ndefu kuliko nyumba yoyote ya mgodi, za buluu ndani, zimepasuka mistari kama ubao wa mninga. Jua lilipozigusa zilianza kudondosha tone moja moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti pekee. Tukafuata ukingo hadi kilele chenyewe, mahali ambapo hakuna tena pa kwenda. Mzungu wangu akaketi na mawe yake. Mimi nikageuka magharibi, kutafuta kwetu.

Hapakuwa na kwetu. Hapakuwa na ziwa, wala Nkome, wala paa, wala moshi. Kulikuwa na mawingu mpaka mwisho wa macho, na juu ya mawingu kivuli cha mlima, kirefu, chenye ncha, cha rangi ya buluu, kimelala kuelekea magharibi. Kilinyooka sawasawa kuelekea nyumbani, kikaishia nisikoweza kuona. Nilikitazama mpaka jua likapanda na kikaanza kurudi miguuni petu kama mkeka unaokunjwa.

Nilichota vumbi la pale kileleni nikalifunga kwenye kona ya leso. Kwa dawa ya ngoma. Nilijiambia, kama maua ya kuokota yamevuta watu wote wale, udongo wa juu kwenyewe utafanya nini?

Chini kabisa kiongozi alinivisha taji langu, la kwangu halisi, na kunipa mkono. Nilisafiri nalo magotini njia nzima.

Sasa sikiliza. Niliingia uwanjani mwaka ule nimevaa taji la kweli, dawa imepakwa, nikiwa mtu pekee wa kwetu aliyefika kileleni. Jambo la kwanza nililosikia kutoka kwa watazamaji lilikuwa, "Tazameni, naye ameiga." Kicheko kikapita. Nikaimba. Niliimba ukweli wote: kwamba wapishi hubaki kibandani, kwamba mimi nimefika, kwamba nimegeuka magharibi na kwetu hakuonekani, hakuna ziwa, hakuna Nkome, hakuna paa la mama wa mtu yeyote. Niliimba vizuri. Nadhani sijawahi kuimba vizuri vile.

Watu waliniangalia kama mtu aliyekuja kutangaza msiba wasioujua. Mama mmoja Muha akajifunga khanga upya, akaondoka. Kisha mwenzake. Mpiga ngoma wangu wa miaka yote, mtu mkubwa kwangu, akaniinamia sikioni, akasema, "Umeweka baridi kwenye ngoma." Upande wa pili shemeji alikuwa hajaanza hata kuimba. Alikuwa amesimama ananitazama mimi, na wao wakamzunguka vilevile, wakamngojea.

Siku iliyofuata asubuhi alikuja kwangu peke yake. Nilijua amekuja kunigombeza kwa kumwumbua, nikajiandaa. Akasalimia, "Mwangaluka, shemeji," nikaitika. Akakaa kwenye kigoda, hakugusa maji niliyompa.

"Ulifika kweli," alisema.

"Nilifika."

"Mimi niliukalia mlango wa kile kibanda siku nzima. Niliangalia juu mpaka shingo ikakakamaa." Akafuta uso kwa kiganja. "Mama nilimwambia nimeona paa lake. Anawaambia watu wa mwaloni, kule ufukweni wanakoanika dagaa. Shemeji, niambie mimi, nje ya ngoma. Hata kidogo hakuonekani?"

Kumbe alikuwa ananionea wivu. Miaka yote ile sikuwahi kuonewa wivu na mtu niliyemwonea mimi, na ilikuwa tamu, nasema kweli, tamu kama asali mbichi. Nikamchelewesha. Nikatafuna kijiti. Ningeweza kumwambia hakuna kitu, akaenda zake na uongo wake. Lakini nilitaka aone nilichonacho, nilitaka kimchome, basi nikamweleza kile kivuli. Nilimweleza kilivyolala, kilivyonyooka kuja huku, kilivyokunjwa. Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akanishukuru, "Wabeja, shemeji," akaondoka.

Mavuno yaliyofuata akakiimba. Mlima, alisema, kila asubuhi huamka kabla ya watu, huulaza mkono wake wa kivuli magharibi, unapita Singida, unapita Shinyanga, unafika mpaka mlangoni kwa mama, unamwambia mwanao yupo, halafu unaondoka kabla hajatoka nje. Ndiyo maana mama zetu, alisema, wakifungua mlango alfajiri husimama kidogo bila kujua wanangojea nini.

Ngoma zangu zilinyamaza zenyewe. Hakuna aliyeamuru. Nilitazama nikaona wapigaji wangu wamebeba ngoma zao mabegani, wanakwenda. Nami nilikuwa nakwenda, na taji langu kichwani, nikasimama nyuma ya umati kama mtu yeyote, nikisukumwa na viwiko. Kivuli changu. Mimi ndiye niliyekiona, kwa macho haya, na hapana mwingine wa kwetu aliyekiona, na sikuwahi kuwaza kwamba kinafika mlangoni kwa mtu. Nililia kwa wivu, na waliokuwa karibu wakadhani nalia kama wao.

Shemeji aliishi miaka mingi baadaye na hakupanda tena mlima wowote. Tuliendelea kutaniana, kugombana, kuzikiana. Nilimpa kila kitu cha kule juu alichoniuliza, barafu, shimo, harufu ya kiberiti, akavitumia vyote. Kitu kimoja tu nilimnyima, na alikufa bila kukijua.

Kwenye ile changarawe, gizani, nilipokuwa sina pumzi na nataka kurudi, wimbo nilioushika ili miguu isisimame haukuwa wangu. Nilijaribu za kwangu zote, zikaanguka moja baada ya nyingine. Ulionifikisha ulikuwa wake, ule wa paa la mama na moshi unatoka.